Fishi Tano za Mashine ya Madame Goreth

Vijana wa atelye, karakana yetu ya kompyuta, ninyi ndio mlioniomba niandike. Siku ile ya kuniaga, baada ya Fanta na hotuba, Patron, bosi wetu, alisema si vizuri mzee aondoke na ujuzi wake kichwani, auache kwenye karatasi ili waliobaki wausome. Mkapiga makofi. Tangu hapo nimekaa wiki tatu nyumbani kwangu Buyenzi, hapa Bujumbura, nikiitazama hiyo karatasi.

Habari za vyeo sitaandika. Nilipanda kimoja tu, na tofauti niliyoiona ni kwamba nilipewa ufunguo wa kabati la vipuri. Nitaandika nilivyoanza na aliyenifundisha, kisha nitaandika habari za kompyuta moja. Hiyo kompyuta ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Hayo mengine mngeyajua hata bila mimi.

Nilianza kwa Mzee Rajabu, hapa hapa Buyenzi, aliyekuwa akitengeneza redio na mashine za kuandikia. Alikuwa na meza moja, kiti kimoja na maneno machache. Siku ya kwanza nilikuja nimevaa shati jeupe, nikidhani nitapewa bisibisi. Alinipa redio, akaniambia nisiifungue, niisikilize tu. Nikasikiliza mpaka adhuhuri. Redio ilikuwa inanyamaza, kisha inarudi. Aliporudi kutoka kuswali aliniuliza ina ugonjwa gani, nami nikaanza kutaja majina ya vipande vya ndani niliyoyasoma shuleni. Akanikatiza. Alitaka kujua inanyamaza saa ngapi, na wakati huo nje kunapita nini. Nilikuwa sikuangalia. Ilikuwa inanyamaza kila lori lilipopita barabarani, maana kulikuwa na kiungo kimoja kilicholegea, na meza ikitikisika nacho kinaachia. Dakika tano za kulehemu zikatosha. Mzee Rajabu akasema ukijua kitu kinaharibika lini, umeshajua nusu ya kinachokiharibu. Miaka yote iliyofuata, mteja alipoanza kunieleza mashine yake ina nini, nilimwomba kwanza aniambie ni lini.

Kwake nilijifunza pia kupanga skrubu kwenye trei ya mayai, kila shimo na hatua yake, ili wakati wa kufunga usibakiwe na skrubu mbili na maelezo marefu. Nilijifunza kusafisha kwa mswaki laini na spiriti ya hospitali. Nilijifunza kunusa. Ubao uliopata moto una harufu yake, na ukishaizoea hutaikosea tena. Mke wangu anasema ndiyo maana hata mboga huwa nainusa kabla ya kuila. Hajakosea.

Mashine za kuandikia zilipokufa, nilihamia kwenye kompyuta. Nilizisoma kwenye vitabu vya Kifaransa, kamusi ikiwa gotini, kisha nikachukuliwa na duka letu pale katikati ya mji. Kazi ilinipeleka kila mahali. Nilipanda Kiriri, mtaa wa matajiri kilimani, kwa mkubwa mmoja aliyesema kompyuta yake imeshambuliwa na maadui, nikakuta mtu wa kupiga pasi ameichomoa ili achomeke pasi yake. Nikairudishia waya, nikaketi nusu saa nzima nikitazama skrini kwa uso wa huzuni, kwa sababu mkubwa hapendi kuambiwa jambo dogo. Nilikwenda Kajaga, kwenye hoteli ya ufukweni, ambako wale wadudu wadogo wa ziwani huingia kwenye feni kwa maelfu, wakakauka humo mpaka feni igande. Nilizoea kuwaambia wenye hoteli kwamba tumekuta dagaa ndani.

Zilikuwa siku nzuri. Niliamini kwamba kila kilichoharibika kina sababu, na kazi yangu ni kuitafuta na kuiandika.

Halafu ikaja garanti ndefu.

Ninyi mliikuta, mnaiona kama kitu kilichokuwapo siku zote. Haikuwapo. Zamani mtu alinunua kompyuta akapewa mwaka mmoja, basi. Baadaye wakubwa wa nje wanaotuletea mashine walikuja na kadi ya bluu: ukiongeza kidogo siku ya kununua, unalindwa miaka mitatu. Nyuma ya kadi, kwa herufi ndogo, kuna sharti ambalo wateja hulisoma kwa furaha. Mashine ikirudi mara tatu kwa ugonjwa uleule, mteja anapewa mpya. Chini yake kuna sharti lingine ambalo hakuna anayelisoma: ikifunguliwa na kulehemiwa nje ya utaratibu wa kituo kikuu cha wakubwa hao, kile tunachokiita centre, garanti imekufa.

Madame Goreth alikuja asubuhi moja akiwa na kompyuta yake ndani ya kapu, imefungwa kwa kitenge kama mtoto. Alikuwa muuguzi kwenye kituo kidogo cha afya kule Ruziba, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye sauti ya chini. Ilikuwa ile miezi ambayo mafuta yamekosekana na mabasi hayaonekani. Alikuwa ametembea sehemu kubwa ya njia, na viatu vyake vilikuwa na vumbi la kusini lote. Aliweka kadi ya bluu mezani kabla hata ya kuweka mashine.

Akaniambia, "Muzee, hii mashini inajizimia yenyewe. Haiombi ruhusa."

Nilimwuliza ni lini. Akafikiri vizuri, kama mtu ambaye kazini kwake huuliza wagonjwa swali hilohilo. Akasema ni baada ya kuitumia karibu saa moja, na ikiwa mchana wa joto ni upesi zaidi. Kisha akanieleza anaitumia kwa kazi gani. Alikuwa anasoma shahada ya afya ya jamii kwa njia ya mtandao, kwenye chuo cha nje, na alikuwa amemaliza nusu. Masomo anayasoma nyumbani, na mitihani pia anaifanyia nyumbani, kamera ikimwangalia, kwa kompyuta moja iliyosajiliwa kwa jina lake. Haruhusiwi kuazima nyingine siku ya mtihani. Amefanya kazi Ruziba miaka mingi, na kila mwaka wanaletewa mkuu mpya wa kituo, kijana mwenye shahada kutoka mjini, anayekaa miezi kadhaa, akachoka na kuondoka. Akina mama wanajifungua mikononi mwa Goreth, lakini kuomba dawa na kitanda hawezi, kwa sababu sahihi yake haitoshi. Alitaka sahihi yake itoshe.

Nilifungua mashine, nikakuta feni ina vumbi na inasuasua. Nikabadilisha feni. Kwenye fishi, ile karatasi ya kila mashine inayoingia kwetu, niliandika "feni". Niliamini nilichoandika. Hiyo fishi ya kwanza sioni aibu nayo.

Baada ya wiki tatu alirudi.

Mara ya pili niliiwasha bila kuifungua, nikaiacha na kuisikiliza, kama nilivyofundishwa. Ilipopata joto ikazima. Nikaifungua, nikaiwasha ikiwa wazi, nikangoja ipate joto tena, kisha nikabonyeza ubao kwa kidole pembeni ya kile kipande kikubwa cha kati. Ikazima. Nikaachia, nikawasha, nikabonyeza tena. Ikazima tena. Sikuhitaji kipimo. Kipande kilikuwa kimeachia chini, kwenye vile viungo vidogo visivyoonekana kwa jicho. Feni haikuwa na kosa lolote. Ubao wenyewe, carte mère, ulikuwa mgonjwa tangu kiwandani, na dawa yake ilikuwa moja tu: ubadilishwe.

Nilimpelekea Patron habari nikiwa na furaha ya fundi aliyeupata ugonjwa. Mnamjua Patron Léonidas. Si mtu mbaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango.

Akasema, "Muzee, carte mère inatoka ku centre. Mi nikiomba moja, wananiuliza maswali mwezi muzima. We andika batri. Batri iko ku stock."

Nikamwambia batri ni nzima.

"Mi najua iko nzima. Lakini ukiandika ile ugonjwa moja mara tatu, huyu mama anapewa mashini mupya, na centre inaitoa ku mgao yetu. Andika batri."

Nikaandika batri. Nilijiambia ni mara moja tu, na huenda batri mpya ikapunguza joto. Fundi akitaka kujidanganya hakosi sababu ya kitaalamu.

Mara ya tatu ilikuwa chaja. Mara ya nne ilikuwa programu. Tulifuta kila kitu na kuweka upya, baada ya mimi kuhamisha masomo yake yote kwenye flashi ili yasipotee. Kila mara alingoja wiki mbili au tatu, akaja kuichukua, akaiwasha mbele yangu, akanishukuru. Kila mara ilirudi. Fishi nne, magonjwa manne, mashine moja. Anayezisoma angesema huyu mama ana bahati mbaya tu.

Mwezi uleule bwana mmoja wa Kiriri alituma dereva na kompyuta yake iliyoharibika kwa mara ya pili. Dereva alirudi kwake na mpya siku hiyohiyo. Hakukuandikwa fishi. Niliifunga mwenyewe kwenye boksi.

Kwa kuzima kwake mashine ya Goreth ilimkosesha mtihani mmoja. Aliandikia chuo, akaeleza, akapeleka nakala za fishi zetu. Chuo kikamsamehe mara hiyo, kikampa nafasi ya kuurudia mwisho wa muhula pamoja na mingine. Kikamwambia wazi kwamba hakuna msamaha wa pili. Alikuja kunieleza haya yote akiwa amesimama. Hakutaka kiti. Safari hiyo hakuweka kadi ya bluu mezani.

Akasema, "Muzee, mi si mutu wa mashini. Lakini mi ni mutu wa wagonjwa, na ninaona unanificha kitu. Niambie ukweli. Inaugua nini?"

Patron alikuwa chumba cha pili, mlango wazi. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja na kidogo nistaafu.

Nikamjibu, "Ni umeme ya kwenu, Madame. Haitulii."

Akasema kwamba Ruziba umeme hautulii kweli. Akaiacha mashine, akaenda zake. Kweli nusu ni nzito kuliko uongo mzima, kwa sababu mtu huibeba mwenyewe na kuipeleka nyumbani.

Nilipofikiri sana niliona njia moja. Tulikuwa na bomba la hewa moto la kutengenezea simu. Ukiupasha ubao polepole, ukaweka mafuta ya kulehemu pembeni ya kipande, ukakiyeyusha mpaka viungo vishike tena, wakati mwingine mashine hupona. Si dawa ya kudumu, na kila fundi anajua. Lakini mtihani wake ulikuwa wiki saba mbele. Nilihesabu kwamba wiki saba zinawezekana.

Ijumaa ya wiki ile sikwenda msikitini. Ninyi mlikwenda kula, Patron alikwenda benki, nikabaki peke yangu na saa moja. Niliufunika ubao kwa karatasi ya fedha nikaacha kipande peke yake wazi, nikaanza kupasha kutoka mbali, nikisogea kidole kwa kidole. Ilikuwa lehemu bora niliyofanya maishani mwangu. Niliisafisha kwa spiriti, nikaifunga, nikaiwasha, nikaiacha ifanye kazi mpaka saa kumi na moja jioni na joto la Bujumbura juu yake. Haikuzima. Kwenye fishi ya tano niliandika "kusafisha vumbi".

Goreth aliichukua. Baada ya mwezi alinipigia simu kuniambia inakwenda vizuri, anasoma saa nne mfululizo bila tatizo. Akaniombea baraka, mimi na wanangu. Nilimwambia mke wangu, na usiku ule nililala kama mtu aliyetubu.

Wiki ya mitihani ilifika. Alifanya wa kwanza, akafanya wa pili, akafanya na ule wa kurudia. Wa mwisho ulikuwa mchana. Alinieleza baadaye kwamba alikuwa amebakiza maswali mawili, na ameshayajua majibu, skrini ilipogeuka nyeusi. Aliibonyeza, ikawaka, ikazima. Akaipepea kwa daftari. Akaipeleka mlangoni kwenye upepo wa ziwa. Muda wa mtihani uliisha akiwa amepiga magoti pale kizingitini.

Chuo kilijibu baada ya siku chache. Jina lake lilikuwa limeondolewa. Akitaka anaweza kuomba upya, kuanzia mwaka wa kwanza.

Safari hii hakuja kwangu. Alikwenda moja kwa moja kwa Patron, akiwa na fishi zote tano ndani ya bahasha, akaziweka mstari mmoja mezani. Sauti yake haikupanda. Alisema hataondoka mpaka mashine iende kituo kikuu, na alikaa kwenye benchi la wateja tangu asubuhi mpaka tunafunga, kesho yake tena, na keshokutwa. Siku ya tatu Patron alichoka, au aliona aibu, akaituma.

Nilijua itakavyokuwa. Kwa wiki zote ambazo mashine ilikuwa safarini nilijua. Ningeweza kuingia ofisini na kusema. Nilifika mlangoni mara mbili. Mara moja nikaomba funguo za stoo, mara nyingine nikauliza kama wino umekuja.

Jibu la kituo kikuu lilikuja na picha. Kwenye picha ya ubao, pembeni ya kile kipande, kulikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya asali. Mafuta ya kulehemu. Spiriti yangu haikufika chini yake. Waliandika kwamba ubao umelehemiwa nje ya utaratibu, na kwa hiyo garanti imekufa. Kwenye mstari wa mwisho waliongeza kwamba kasoro ya asili ya ubao huu inafahamika kiwandani, na ungebadilishwa bila maswali kama ungeletwa mapema.

Patron aliniita, akanionyesha picha. "Muzee, nani alifungua hii carte mère?"

Aliniangalia, akaangalia picha, akaniangalia tena. Nadhani aliijua kazi ya mkono wangu, kwa sababu hapo atelye hakuna mwingine anayeweza kulehemu hivyo. Kisha akaangalia kalenda ukutani, na mimi nikaiangalia. Nilikuwa nimebakiza miezi minane.

Akasema polepole, "Basi ni mafundi wa barabarani. Aliwapa huko Ruziba."

Nikasema, "Pengine."

Neno moja. Barua ya kumwambia Goreth hivyo ikaandikwa, ikapigwa muhuri, ikatumwa kwake pamoja na mashine. Patron, ukisoma hapa, sikulaumu kuliko ninavyojilaumu. Wewe ulisema. Mimi nilikubali, na mimi ndiye niliyekuwa najua.

Miezi minane hiyo nilifanya kazi kama kawaida. Nilikufundisheni kupima, kunusa, kupanga skrubu kwenye trei ya mayai. Mlinisifu kwa uvumilivu. Kila mashine iliyoingia na kadi ya bluu niliwaachia ninyi muiandikie fishi, nikasema macho yangu yamechoka.

Wiki iliyopita nilichukua kompyuta yangu ya nyumbani, ambayo ni nzuri, nikaenda Ruziba. Kituo cha afya ni nyumba ndefu yenye bati jekundu, na nje kuna benchi la akina mama na watoto. Nilikaa mwisho wa foleni kama wengine. Alitoka akaniona, akaingia ndani bila kusema kitu, akaendelea kuita watu mmoja mmoja kwa zamu. Zamu yangu ilipofika aliniita kama mgonjwa.

Nilimwambia yote. Kidole juu ya ubao, batri, chaja, Ijumaa, hewa moto, picha, neno langu moja. Nilizungumza nikitazama mzani wa kupimia watoto. Nilipomaliza aliuliza kama nilijua tangu mara ya pili. Nikasema ndiyo.

"Sisi hapa," akasema, "mugonjwa akirudi na homa mara tano, tunaandika homa mara tano. Hatuandiki kikohozi kwa sababu dawa ya kikohozi ndiyo iko ku stock."

Nikaweka kompyuta yangu juu ya meza, nikamwambia ni yake, aombe tena chuo, aanze upya, mimi nitaitunza mashine hii mpaka amalize. Hakuigusa.

"Mi nina miaka arobaini na saba, Muzee. Kuanza upya ni miaka ine. Peleka kwa watoto yako." Akarekebisha vichupa vya chanjo kwenye kisanduku cha barafu. "Unajua ile barua ya duka ilifika siku gani? Ilifika Jumapili, bwana yangu ndiye aliifungua. Akaisoma mbele ya watoto. Akaniuliza ni fundi gani nilimupa mashini, na kwa nini nilimuficha. Niliapa. Hakuniamini. Mpaka leo haniamini. Anasema nilicheza na kitu tulichojinyima sote."

Nilimwambia nitakwenda kuzungumza naye. Akasema hapana, bwana yake hasikilizi watu wa duka lile, maneno wameyasema mengi. Akachana karatasi kwenye daftari la kituo, akanipa na kalamu.

"Andika," akasema. "Andika ilichokuwa inaugua."

Nikaandika kwamba carte mère ilikuwa na kasoro ya kiwandani, viungo vya kipande cha kati vikiachia kwenye joto. Niliandika kwamba nililijua hilo tangu mashine iliporudi mara ya pili, na kwamba mimi, Hamadi, fundi, ndiye niliyeilehemu bila ruhusa na bila mwenye mashine kujua. Nilikuwa nimeandika maelfu ya fishi maishani mwangu. Hii ilinichukua muda mrefu kuliko zote. Aliisoma yote, kisha akairudisha mbele yangu akaweka kidole mahali palipobaki wazi.

"Ongeza kwamba mi sikumupa mutu."

Nikaongeza. Akaniambia niweke tarehe na sahihi, nikaweka. Aliikunja mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa koti lake jeupe, akafunga kifungo cha mfuko.

Nilibaki nimekaa, nikidhani kuna neno lingine. Aliinua kichwa akatazama mlangoni, juu ya bega langu, akaita jina la mama aliyefuata.